Mdomo wa Machano

Isome hii hadi mwisho, kisha mpelekee yule uliyemnunia.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja mstaafu, Fundi Shaame. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, watoto wametawanyika, na furaha aliyobaki nayo duniani ilikuwa moja tu, karata. Kila baada ya sala ya alasiri alitandika mkeka sebuleni, rafiki zake watatu wakaja, wakacheza wawili kwa wawili.

Mwenzake upande wake alikuwa Mzee Machano, rafiki wa tangu utoto. Na Machano, jamani, alikuwa na mdomo! Karata haijatua mkekani keshaitaja. Ree ya kopa hiyo, huyu naye katupa saba ya shupaza. Mchezo mzima yeye ni kutangaza tu.

Sasa Shaame alikuwa na siri. Macho yalikuwa yanamwishia. Karata zake alizisogeza hadi puani akazijua, lakini za mkekani hakuziona kabisa. Fundi aliyetunga uzi kwenye sindano bila miwani, leo aitwe kipofu? Hakumwambia mtu.

Siku moja walifungwa vibaya, wakataniwa. Shaame akapandwa na hasira, akamgeukia rafiki yake.

"Umenichosha na mdomo wako, Machano. Kama huwezi kunyamaza, usije tena kwangu."

Machano aliweka karata zake mkekani, akainuka. Kisha akavaa ndara zake akaenda.

Mahali pake akakaa jirani mmoja, mtu wa kimya. Basi ikawa balaa. Shaame akawa anamkatia mwenzake mwenyewe kwa turufu, pakitoka kopa yeye anatupa shupaza. Wenzake walicheka, halafu wakanong'onezana, halafu wakaacha kuja. Yeye akasema ni kisirani. Moyoni alitaka kumwendea Machano amwombe radhi, lakini kiburi kikamwambia kesho. Kesho ikazaa kesho, mpaka msikitini ikatangazwa kuwa Machano amefariki.

Matangani alimfuata binti wa marehemu, Raya, akalia mbele yake.

"Mwanangu, nilimfukuza baba yako kwa maneno yake mengi."

Raya akashangaa.

"Maneno mengi? Baba yangu? Hapa nyumbani alishinda kimya, tulikuwa tukimwomba azungumze. Ila akitoka kwako sauti imemkauka. Nilipomuuliza aliniambia, 'Mwenzangu haoni, na hataki watu wajue. Kwa hiyo namsomea.'"

Shaame alirudi kwake akipapasa ukuta. Alasiri ile alitandika mkeka, akapanga karata moja moja mbele yake, akangoja mtu amwambie ni zipi. Nyumba ilikuwa kimya, na ikabaki hivyo mpaka siku alipokufa.

Funzo: Mwenzako akikukera, angalia kwanza asije akawa ndiye anayekusitiri, na ukishamkosea, mwombe radhi leo, maana kaburi halipokei samahani.