Kanga ya Bi Tabia na Kabureta ya Pampu

Mtandika kanga hapotezi skrubu. Bibi Sikudhani aliwatamkia methali hiyo wajukuu zake waliokuwa wakifungua baiskeli juu ya nyasi, nao wakataka kujua imetoka wapi. Aliwaketisha kwanza, maana hakupenda kusimulia watu wamesimama. Methali hii ilianza hivi.

Bi Tabia alikuwa mkulima wa vitunguu bondeni. Msimu mmoja, vitunguu vikiwa ndiyo kwanza vinatunga, pampu yake ya kuvuta maji mtoni ilianza vituko. Ikiwashwa, inanguruma kidogo, kisha inazimika. Kila mtu alijua kuwa kabureta, inayopeleka petroli kwenye injini, imeziba. Lakini fundi alikuwa amekwenda msibani kwao, na hakuna aliyejua atarudi lini. Jua nalo halikuwa na msiba. Majani yalishaanza kulala, na shamba lile ndilo lililomlisha Bi Tabia na wanawe.

Kuifungua mwenyewe aliogopa, tena kwa haki. Shemeji yake Kibwana, mtu wa maneno mengi na mikono ya haraka, aliwahi kufungua pampu yake palepale mchangani. Kitu kidogo kikamponyoka, kikazama, na tangu siku hiyo pampu haikuwaka tena, kuku wakapata mahali pa kutagia.

Asubuhi ile Bi Tabia aliwaza huku akipeta choroko. Chini ya ungo palikuwa na kanga, kwa kuwa wanawake wa kwao huitandika ili hata punje moja isipotee. Aliitazama, moyo ukatulia. Akaikung'uta, akaenda nayo mtoni.

Kibwana alimkuta ameshika bisibisi, kanga ameitandika kando ya pampu.

"Shemeji, hiyo ni mashine, si choroko."

"Najua. Choroko ikipotea nitapika nyingine."

Kila alichokitoa alikilaza juu ya kanga kwa zamu yake, kuanzia pindo hili kuelekea lile. Alisafisha vitundu kwa petroli, akavipuliza mpaka mashavu yakamuuma, kisha akarudisha vitu akianzia cha mwisho. Alipofungulia petroli, ikachuruzika chini. Kibwana akatikisa kichwa. Bi Tabia aliona aibu, machozi yakamlenga.

Hapo akaigeukia kanga. Katikati ya ua jekundu, pale lilipokuwa limelala boya dogo linaloelea ndani ya kabureta, palibaki kijisindano chembamba kinachozuia petroli isifurike. Akafunga petroli, akaifungua kabureta tena, akakirudisha mahali pake. Akavuta kamba. Pampu ikakohoa, ikakohoa tena, ikatulia na kuunguruma, na maji yakaingia shambani. Bi Tabia alicheka peke yake kwa furaha.

Kibwana aliinama, akaitazama kanga ile. Kisha akauliza taratibu, "Shemeji, kanga hiyo waweza kuniazima?"

Bibi Sikudhani alipofika hapo, mjukuu wake mkubwa aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kanga ya bibi yake, ile mpya. Bibi alifungua kinywa amkataze, akakifunga.

Mtandika kanga hapotezi skrubu.