Programu Iliyomeza Sauti

Ngoma haijiwambi yenyewe. Anayeiwamba huivuta ngozi kuelekea alipokaa, hata akiapa kwamba anawafanyia wenzake hisani.

Mpiga kinanda wa kwaya alikuwa mume mwema na mcheshi, lakini tangu alipoweka programu ya kurekodi muziki kwenye kompyuta ya nyumbani, mashine ile ilikuwa bubu kwa kila mtu isipokuwa yeye. Na asubuhi hiyo, saa nne kamili, mkewe mkunga alikuwa na usaili wa cheo cha mkunga mkuu, kwa video, kwa kompyuta hiyo hiyo. Nafasi hiyo alikuwa ameingoja miaka sita.

"Baba watoto, sauti hakuna."

"Ipo, mke wangu." Akafungua programu yake, akabonyeza kinanda, sebule nzima ikarindima. "Si unasikia?"

"Hiyo ni yako! Mimi nataka ya video."

Mume akachomoa nyaya, akazichomeka tena. Akazima mashine, akaiwasha. Kila alipomaliza, alikimbilia programu yake kwanza, akapiga ubeti mmoja, akatabasamu na kusema, "Safi!" Mkewe akifungua video, kimya. Mkunga alishikwa na hasira.

Saa nne ikagonga. Wasaili watatu wakatokea kwenye kioo, midomo inacheza, neno halisikiki.

"Hebu ifunge hiyo programu yako."

"Nikiifunga nitajuaje kama sauti ipo? Ngoja nipime kidogo tu..."

"Umepima tangu alfajiri!" Mkunga akamsukuma kwa kiwiko, akaifunga mwenyewe.

"...unatusikia, dada?"

Kumbe programu ile ilikuwa imehodhi spika na kipaza sauti, haiwaachii wengine, na kila jaribio la bwana mkubwa liliipa nafasi ya kuvikamata upya.

"Nawasikia," alijibu mkunga, jasho likimtiririka.

"Vizuri. Swali la kwanza: utafanyaje na mwenzako wodini anayeamini anasaidia, kumbe anakwamisha kazi?"

Mkunga alimtazama mumewe, aliyesimama ameshika waya.

"Kwanza namtoa chumbani," alisema, "halafu naendelea na kazi."

Wasaili wakacheka, wakaandika. Mume akatoka kwa kunyata, amenywea, bila mtu kumweleza kosa lake: mwamba ngoma huvutia kwake.