Bwana Zahoro Anataka Pilau Yake

Palikuwa na tajiri mmoja katika kata ya Makumbini, jina lake Bwana Zahoro, aliyegombea udiwani akashindwa, na kulipokucha akataka arudishiwe pilau yake.

Si mchele. Pilau. Iliyopikwa, yenye nyama, kwenye sahani, kama ilivyotoka jikoni. Kila aliyeila na asimpigie kura, airudishe. Na kwa kuwa nusu ya mtaa walikuwa wapangaji wake, asiyeirudisha afungashe virago ahame.

Mtauliza pilau ililiwaje. Wakati wa kampeni mgombea alikatazwa kulisha wapigakura. Akibainika amefanya hivyo, hagombei tena mpaka anaingia kaburini. Bwana Zahoro aliliwaza jambo hilo siku nzima, kisha akamkumbuka baba yake. Mzee Mwinyimkuu alikuwa amelala makaburini miaka na miaka, na mwanawe hajawahi kumsomea hata Fatiha. Ghafla uchungu ukamshika. Akatangaza khitma, nayo ikaangukia Ijumaa ya mwisho kabla ya kura. Ng'ombe wakachinjwa, masufuria yakapangwa mpaka barabarani. Watu wakaja, wakasoma, wakaitikia amina, wakala, wakanawa, wakaenda zao. Jumapili wakampigia kura mwalimu mstaafu anayetembelea baiskeli.

Wa kwanza kuitwa ofisi ya mtaa alikuwa Bi Siwazuri, mjane, muuza vitumbua. Alipanga chumba cha mbele katika nyumba ya Bwana Zahoro, na kibaraza cha chumba hicho ndipo lilipokaa jiko lake. Akitolewa chumbani, na jiko limetoka. Jiko likitoka, wajukuu zake hawana cha kutia mdomoni. Moyoni aliogopa sana. Usoni hakuonyesha, maana uso wenyewe alikwisha kuuzoesha moto kila alfajiri.

Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Semkiwa, alikaa nyuma ya meza. Bwana Zahoro alikaa pembeni yake, amevaa suti aliyoishonesha kwa ajili ya kuapishwa. Watu walijaa mlangoni na madirishani. Diwani mpya naye alikuwapo, ameegemea baiskeli yake nje.

"Bi Siwazuri," mwenyekiti akaanza, "ulikula pilau ya Bwana Zahoro?"

"Nilikula, baba."

"Sahani ngapi?"

"Moja niliila palepale. Nyingine niliifunika kawa, nikaenda nayo nyumbani."

"Mnamsikia," akasema Bwana Zahoro. "Mbili. Na kura hakunipa."

"Kura ni siri, mheshimiwa."

"Siri gani? Kituo chenu kizima nimepata kura tisa. Nyumba yangu hiyo moja tu ina wapangaji kumi na wanne."

"Labda hao tisa ni sisi, na wengine waliumwa."

"Na mke wangu je? Alipiga kura kituo hichohicho."

"La mkeo, mheshimiwa, mimi sitaliingilia."

Dirishani mtu mmoja akashikwa na kikohozi. Mwenyekiti akasubiri kiishe.

"Mama, usizunguke," akasema. "Pilau ulikula. Bwana anaitaka. Utairudisha au utahama?"

"Nitairudisha, baba. Lakini kwanza nijue narudisha pilau gani. Ile ilikuwa pilau ya nini?"

Bwana Zahoro akafungua kinywa. Macho yake yakaenda mlangoni, yakaiona baiskeli, yakamwona mwenye baiskeli. Akakifunga, akakifungua upya.

"Khitma," akasema. "Khitma ya marehemu baba yangu. Mtaa mzima unajua."

"Si ya kura?"

"Si ya kura."

"Nasikia vibaya siku hizi. Si ya kura?"

"Nimesema si ya kura, bibi wewe."

"Basi kura imeingiaje kwenye shauri hili?"

"Imeingia kwa sababu mtu akila chakula changu anapaswa kunikumbuka."

"Tulialikwa kumkumbuka baba yako, mheshimiwa. Nawe tungekukumbuka, ila hujafa."

Kikohozi cha dirishani kikaambukiza watu watatu. Bwana Zahoro akalegeza tai.

"Mwenyekiti," akasema, "mwanamke huyu ana maneno mengi na mimi sina haja nayo. Nataka kitu kimoja. Nilitoa pilau, pilau irudi. La sivyo chumba nakitaka leo, na jiko lake lile linalonichafulia ukuta liondoke leo."

Bi Siwazuri akatazama chini. Aliiona ncha ya kanga yake, ina tobo la cheche. Akaikunja isionekane.

"Mheshimiwa," akasema, "kwani mtu akirudisha alichopokea, mwenzake naye si hurudisha alichopokea yeye?"

"Ndiyo haki ilivyo."

"Hata kama alichopokea kilikwenda kwa ndugu yake, atakifuata akilete?"

"Atakifuata. Mali ya watu ni mali ya watu." Bwana Zahoro akageuka kwa mwenyekiti. "Liandikwe hilo, maana yeye sahani moja aliwapelekea wajukuu."

Mwenyekiti akaandika. Akasoma alichoandika kwa sauti, wote wakasikia, Bwana Zahoro akatikisa kichwa kukubali.

"Hapo tumeelewana," akasema Bi Siwazuri, akajifunga kanga vizuri kama mtu anayekwenda kuwasha moto. "Pilau yako naipika leo, yenye nyama. Lakini ile hatukuila bure. Tulimsomea baba yako mpaka koo zikakauka, na dua zote alipokea yeye. Basi mfuate Mzee Mwinyimkuu huko aliko, mwambie azitoe, asibakize hata amina moja. Ukirudi nazo, utanikuta kibarazani nimeshaloweka mchele."