Ndala za Mlango wa Jikoni

Ngwaa. Sufuria ilianguka jikoni, usiku, baada ya chakula, na baada ya mlio huo hapakusikika kitu kingine. Hakuna aliyesema "jamani". Hakuna aliyeiokota.

Wapendwa, katika nyumba hiyo mume na mke walikuwa sebuleni, wanatazama taarifa ya habari. Sufuria ikianguka nyumbani kwako, unafanya nini? Si unauliza, "Kuna nini huko?" Basi sikilizeni alichofanya mume yule. Hakuuliza. Hakukimbilia jikoni. Alitoka nje mbio mpaka kwenye meni swichi, akazima umeme wa nyumba nzima.

Kwa nini alikimbilia huko? Kwa sababu alijua.

Watu hawa walikuwa wamejenga jiko zuri, vigae vyeupe kutoka sakafuni hadi darini. Wakanunua na kivuta moshi, lile bati linalong'aa ambalo hutundikwa juu ya jiko, lina feni ndani, linanyonya mvuke na harufu ya vitunguu na kuvitupa nje. Fundi akaja, akafungua boksi, akaona waya wake una nyuzi tatu.

Akasema, "Bosi, hiki kinataka laini yake, yenye waya wa kushuka ardhini. Nitachimba ukuta kidogo."

"Kuchimba? Fundi, vigae hivi nimevisimamia mwenyewe, kimoja kimoja. Chukua umeme kwenye ile taa ya juu."

"Kwenye taa kuna waya mbili tu, bosi."

"Kwa mbili hakitazunguka?"

"Kuzunguka kitazunguka."

"Basi."

Fundi akaukata ule waya wa tatu, wenye rangi ya kijani na njano, akaukunja ndani, akauzungushia utepe mweusi. Zile mbili akazipitisha kwenye tundu la bati hivihivi, bila mpira wa kuzikinga na ukingo. Akabonyeza, feni ikavuma, mke akapiga makofi. Nani angemlaumu? Kitu kilikuwa kinafanya kazi.

Mnaujua waya ule wa tatu? Hauwashi taa. Hauzungushi feni. Unaweza kulala ukutani miaka na miaka usifanye lolote, mpaka mtu aseme ni hasara. Kazi yake ni moja. Siku umeme utakapopotea njia na kuingia kwenye bati, upate pa kushukia, uende ardhini, usipite kwenye mwili wa mtu.

Feni ikatetemesha bati, na ukingo wa bati ukaila ngozi ya waya polepole. Siku moja mke akagusa, akaurudisha mkono.

"Baba watoto, hiki kitu kinatekenya."

"Umevaa ndala?"

"Sijavaa."

"Si ndiyo hapo. Vaa ndala."

Mnacheka, wapendwa. Mnacheka kwa sababu mmeshayasema haya. Friji inatekenya, vaa ndala. Pasi inatekenya, vaa ndala. Wakanunua ndala za plastiki, wakazipanga mlangoni mwa jiko, ikawa sheria ya nyumba. Hata mtoto mdogo aliijua.

Dada wa kazi naye aliambiwa. Lakini usiku ule alikuwa ameshaosha vyombo, anapiga deki, na nani kati yetu anapiga deki na ndala? Alizivua zisiache alama. Akaona mafuta yamechuruzika kwenye bati. Akanyoosha mkono, na mkononi alikuwa na kitambaa kibichi.

Kaka yake alisafiri kutoka mbali kuja kumchukua. Akauliza, "Dada yangu alikuwa anaumwa nini?"

Mume akajibu, "Moyo, kijana wetu. Ulisimama tu."

Kaka akasema, "Kwetu alikuwa anabeba magunia." Kisha akawashukuru kwa sanduku zuri, akaondoka naye.

Tangu siku hiyo jina la yule dada halikutamkwa ndani ya nyumba. Ikibidi kumtaja, walisema "yule wa kwanza". Mtoto akilitaja jina mezani, aliambiwa ale. Na kile kivuta moshi? Kilibaki juu ya jiko. Mke alimwomba mume wakitoe. Mume akamwambia, "Tukikitoa sasa, watu watauliza kwa nini sasa." Wakakiacha kinavuma. Wakanunua ndala nyingine, nene kuliko zile.

Akaja dada wa pili, binti mcheshi, mwenye maswali.

"Mama, humu mnavaa ndala kama tunaingia bafuni?"

"Vaa tu, mwanangu."

"Na yule wa kwanza alikuwa anavaa?"

Mama wa nyumba akaweka mwiko chini, akatoka jikoni.

Alivumilia mpaka asubuhi moja alipomkuta binti yule anapiga deki pekupeku, anaimba, mgongo wake unakaribia bati. Siku hiyo hakumwuliza mume. Aliita fundi mwingine.

Mume aliporudi alimkuta fundi juu ya ngazi. Naye fundi alikuwa mtu wa utani.

"Karibu, bosi. Nimeona ndala zimejipanga mlangoni, nikadhani mnauza."

Kisha akagusa bati kwa tesita. Kijitaa cha tesita kikawaka. Utani ukamwisha, akashuka ngazi.

"Niambieni ukweli," akasema. "Hiki kimekuwa kinatekenya tu, au kimeshawahi kumshika mtu? Kama ni kutekenya, navuta waya wa tatu leo, namaliza. Kama kimemshika mtu na swichi haikujizima yenyewe, basi ubaya uko nyumba nzima. Nitavunja vigae, nitafuata waya mpaka ardhini, na hampiki humu mpaka nitakapomaliza."

Mume akajibu upesi, "Hakijamshika mtu."

Fundi akamgeukia mke. Na mlangoni mwa jiko alikuwa amesimama dada wa pili, ameshika ndoo ya deki, hana kitu miguuni.

Wapendwa, tuwaache hapo kidogo, maana hapo jikoni ndipo tunapoishi sisi.

Sisi tunajua kinapotekenya. Hatujakosa kujua. Binti anaolewa na mwanamume mwenye mkono mwepesi, nasi tunamfunda: akirudi amekunywa, usimjibu. Hiyo ni nini kama si ndala? Kuna ndugu yetu mmoja katika ukoo, na watoto wote wa kike wameambiwa wasikae naye peke yao, na kwenye sherehe anapewa kiti cha mbele. Ndala. Tunamfundisha mnyonge namna ya kukanyaga, ili sisi tusivunje ukuta. Siku akisahau, tunasema hakuvaa.

Na aliyekwisha kuanguka tunamnyang'anya hata jina. Mnajua kwa nini? Ukilitaja jina, utaitaja na siku. Ukiitaja siku, utalitaja na bati. Ukilitaja bati, itabidi umtafute kaka yule, umpe jibu la swali lake, kisha usimame mbele yake usikie atakalosema. Hilo ndilo tunaloliogopa, si Mungu. Mungu tunamwimbia kila Jumapili kwa sauti nne, na makovu yetu tumeyafunika kwa vigae vyeupe.

Tunaita hiyo amani ya nyumba. Lakini mnaona, ndugu zangu, kwamba kimya chetu hakimlindi aliyekufa? Hana haja nacho tena. Kinakilinda kile kilichomuua, kipate na wa pili.

Ninyi mngejibu nini? Mume anakutazama. Vigae ni vizuri. Polisi wana masikio. Fundi anasubiri, ameshika nyundo mkononi, na neno moja, "ndiyo", lingemfanya aanze kuvunja.

Mke aliitazama ile miguu mitupu kwenye maji ya deki.

"Kilimshika mtu," akasema. "Hapo hapo ulipoweka ngazi. Tuliwaambia ndugu zake ni moyo."

Mume akasema, "Mama watoto, nyamaza."

"Nimenyamaza vya kutosha. Alikuwa anaitwa Nyamizi."