Sifuri ya Mama Subilaga

"Sifuri ya mbele ina mwenyewe." Mmemsikia Lugano akimwambia mwenzake hivyo hapo kwenye kompyuta, mkacheka, kisha mkanigeukia mimi mtu mzima niwaambie msemo huo umetoka wapi. Haya, acheni kuchapa kidogo. Methali hii ilianza hivi, na nasikitika kusema ilianzia mikononi mwangu.

Miaka hiyo nilikuwa mtunza kumbukumbu katika zahanati moja huku Rungwe. Nilikuwa nimejifunza lugha moja ya kompyuta peke yangu, nayo ilikuwa lugha pole: ukiipa kitu chochote inapokea, haikuulizi. Kisha ikaja lugha mpya pamoja na kitabu chake. Sura ya kwanza ilihusu aina za vitu: namba, maandishi, kweli na si kweli. Ya pili ilihusu funksheni, yaani maagizo unayoyafunga pamoja na kuyapa jina; ukiyaita yanafanya kazi na kukurudishia jibu. Nikasema haya ni ya chekechea. Gwakisa, karani wa mapokezi, aliniambia, "Dada Tumpe, anza na mwanzo." Nikamjibu kwamba mwanzo ni wa wanaoanza, nikaziruka sura zote mbili. Nilikuwa na haraka ya kuonekana fundi.

Daktari wa macho alikuwa akija mara moja tu kwa mwaka, na safari ile alitarajiwa Ijumaa. Kwa lugha ile mpya niliandika programu ya kuwatumia wagonjwa ujumbe wa simu. Mmoja wao alikuwa Mama Subilaga, fundi cherehani aliyenishonea sare za shule tangu darasa la kwanza. Presha ya macho ilikuwa inamla taratibu, na alishaambiwa kwamba asipopasuliwa mwaka ule, basi tena.

Wagonjwa wengine waliandikiwa namba zao na Gwakisa, naye kwa mazoea yake alianza na 255, namba ya nchi yetu. Mama Subilaga hakukubali kuandikiwa. "Mkono ninao," alisema. Akainama hadi pua ikakaribia daftari, akaandika namba yake kwa tarakimu kubwa, akianza na sifuri kama tunavyozitaja namba zetu sote.

Mimi nilizihamishia namba za daftari kwenye kompyuta, nikaiambia programu kwamba namba ya simu ni namba. Ningesoma sura ya kwanza ningejua kwamba kitu ambacho hujumlishi wala hugawanyi, hata kikiwa na tarakimu tupu, unakihifadhi kama maandishi. Kwa lugha ile sifuri iliyotangulia namba haina thamani, ikaitupa. Funksheni yangu ya kutuma ikakuta tarakimu tisa badala ya kumi, ikashindwa, ikarudisha jibu lake: si kweli. Sikuwa nimeweka popote pa kulisoma jibu hilo. Nilikuwa nimejaribu kwa namba yangu mwenyewe, iliyoandikwa na Gwakisa. Simu ikalia, nikaridhika.

Wiki ile daktari alisogeza siku, akaja Jumanne. Ujumbe ulitoka na watu thelathini na mmoja wakafika. Mama Subilaga hakuonekana. Nilidhani ameogopa kisu.

Ijumaa asubuhi alikuja na binti yake, amevaa kanga mpya, amebeba kikapu cha chakula cha siku mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Tumpe. Daktari ameshafika?"

Nilikosa pa kutazama. "Alikuja Jumanne, mama. Ameondoka. Tulituma ujumbe."

"Kwangu haukufika. Simu nilikuwa nayo shingoni siku zote."

Nikafungua orodha, nikaona tarakimu tisa. Sikuweza kumdanganya mtu aliyenipima mabega tangu utotoni. Nikamwambia, "Mashine imeiona sifuri yako ya mbele si kitu, ikaiacha. Mimi ndiye niliyeiagiza ione hivyo."

Kisha akauliza, "Na hiyo sifuri ilikuwa ya nani?"

"Yako, mama."

"Basi ilikuwa na mwenyewe."

Hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu. Tulimpeleka Mbeya mjini, lakini foleni ya upasuaji ilikula miezi mitatu, na zamu yake ilipofika jicho la kulia lilikuwa limeshazima. La kushoto lilibaki la kujua tu kama kumekucha. Cherehani alimpa binti yake. Mimi kitabu nilikisoma wiki ileile, na sura ya kwanza ilinichukua nusu saa.

Wenzangu wa zahanati wakaanza kuyasema maneno yake kila wakimwona mtu anadharau jambo dogo la mwanzo, na baadaye yakafika hadi sokoni. Wengi hawajui kwamba nayo yana mwenyewe. Mpaka anafariki, kila nilipomtembelea alipapasa pindo la gauni langu, akaniambia fundi wangu wa siku hizi anashona ovyo. Nilimkubalia kila mara, maana fundi wangu hasa alikuwa ni yeye.

Sasa rudini kwenye sura ya kwanza, hata wewe Lugano unayejua. Sifuri ya mbele ina mwenyewe.