Mishale Iliyogeuzwa Mara Mbili

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kidogo, ziwekeni magotini. Nitawaambia tutakapozifungua tena. Leo nataka kuwapeleka shuleni. Msigune! Hakuna atakayepewa mtihani.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa fizikia katika shule ya sekondari, mtu wa bidii, mwenye wito kweli. Mwaka uliotangulia, swali la sumaku lilikuwa limewaangusha wanafunzi wake wengi katika mtihani wa taifa, na jambo hilo lilimuuma sana. Akasema, "Hawa wa mwaka huu hawaanguki hapo, nikiwa hai." Akaamua kuwaandikia kitabu kidogo cha sumaku tu, chenye michoro tele, maana mtoto akiona kwa macho, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa sumaku mnaijua. Ina ncha mbili, kaskazini na kusini. Ukiilaza chini ya karatasi ukanyunyiza unga wa chuma juu yake, ule unga unajipanga wenyewe, mistari mistari, inapinda kutoka ncha hii mpaka ncha ile. Nani kaupanga? Haya, nijibuni! Mimi fizikia naipenda mno, ingawa yenyewe haikunipenda. Basi, ukiichora mistari hiyo unaiwekea mishale, na sheria ni moja: nje ya sumaku, mshale unatoka kaskazini, unaingia kusini. Mwanafunzi akigeuza, amekosa, hata mchoro wake uwe mzuri namna gani.

Mwalimu wetu hakuchora kwa kalamu. Alichora kwa maneno. Ndiyo, Mama Tuntufye, usinitazame hivyo, kwa maneno! Kuna namna ya kupanga kitabu kwenye kompyuta ambapo mchoro huugusi kwa mkono kabisa. Unaandika amri: weka sumaku hapa, pitisha mstari pale, upinde hivi, weka mshale katikati. Ukimaliza unaiambia kompyuta, haya, panga. Kurasa zinatoka safi, utadhani zimetoka kiwandani. Ila kompyuta inatii ulichoandika, haijui ulichokusudia. Ukimtuma mtoto chumvi huku moyoni unataka sukari, atakuletea chumvi, na hana kosa.

Juu kabisa ya maandishi hayo kuna sehemu ambayo walimu wa shule ile waliiita kichwa. Amri ikiwa kichwani inatawala kitabu kizima. Mwalimu wetu kichwa chake hakukitunga mwenyewe. Alipewa na mwalimu mwenzake, naye alikuwa amepewa na mwingine, na kila aliyepewa alipewa pamoja na onyo lake: "Usiguse kichwa. Ukikigusa tu, kitabu chote kitagoma." Kwa hiyo hawagusi. Wanapokezana hivyo hivyo.

Kumbe mle kichwani kuna mtu alishawahi kuandika amri ya mishale kinyume.

Mwalimu akachora sumaku ya kwanza, akaiambia kompyuta panga. Alaa! Mishale inaingia kaskazini! Angefanya nini? Kichwa hakiguswi. Akaenda kwenye mchoro ule ule, akaandika chini yake amri ya kugeuza. Mishale ikageuka, ikakaa sawa. Akafurahi. Mchoro wa pili nao ukaja kinyume, akaandika geuza. Wa tatu, geuza. Ikawa ndiyo desturi yake, anachora, anageuza, anachora, anageuza, huku anapiga mluzi, na kitabu kinapendeza.

Siku ya kukipeleka kwa mchapaji ilipofika, asubuhi akamwomba mwalimu wa hesabu, mama mmoja mwenye jicho kali, akipitie kwanza. Yule mama akasoma kurasa zilizochapwa, kisha akasogea kwenye kompyuta akatazama maandishi yenyewe. Akashangaa.

"Mwalimu, hizi geuza zote ni za nini? Kila mchoro geuza!"

"Ni za kunyoosha mishale, Madam. Bila hizo inakuja kinyume."

"Na huu wa sumaku mbili zinazotazamana umeusahau. Mishale yake inaingia kaskazini."

Mwalimu akautazama ukurasa ule. Ulikuwa ni mchoro wa swali lile lile lililowaangusha watoto mwaka jana! Bado kidogo tu awafundishe kukosa, tena kwa kitabu chake mwenyewe.

"Ngoja niuwekee geuza haraka," akasema.

"Haraka ya nini? Leo umesahau huu, kesho ukiongeza mwingine utausahau. Nenda juu ukarekebishe kichwa."

"Kichwa hakiguswi, Madam!"

"Nani kasema?"

Mwalimu akatafuta jina la aliyeanza kusema hivyo, asilipate. Basi akapanda juu, akaiona amri ya mishale, akaisahihisha. Neno moja tu. Kompyuta haikugoma. Akasema, panga. Akafungua ukurasa wa kwanza.

Mishale yote inaingia kaskazini!

Ukurasa wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Kitabu kizima, kilichokuwa sawa asubuhi ile, kimepinduka. Mwalimu akashika kichwa chake mwenyewe, hiki cha mabegani. "Madam, umeniponza! Si nilikwambia? Kitabu kilikuwa kizuri, mchapaji ananisubiri, watoto wananitegemea! Narudisha kichwa kilivyokuwa."

Wapendwa, hebu semeni kweli. Ungekuwa wewe, usingerudisha? Mbona mko kimya?

Yule mama akamshika mkono. "Usirudishe. Fungua kwanza ule mchoro uliousahau."

Akaufungua. Mishale inatoka kaskazini, inaingia kusini, imetulia.

"Huo haukuwekewa geuza," akasema yule mama. "Kichwa chako sasa ni kizima, Mwalimu. Kinachopotosha kitabu ni hizo geuza zako. Shati ukilitoa kambani likiwa limekwishageuzwa upande wake, ukiligeuza tena unalirudisha ndani nje."

Mwalimu akacheka, akacheka mpaka machozi. "Na ziko nyingi hizo!"

"Maji umeshayavulia nguo. Yaoge."

Wakaketi wote wawili, wakafuta geuza moja baada ya nyingine, na kila walipofuta, mchoro ulikaa sawa. Mchapaji alikipata jioni, akanung'unika kidogo, basi.

Sasa tuje kwetu. Mmefurahi, nimewaona meno. Lakini mfano huu si wa mwalimu.

Yuko mama, na nasema mama kwa sababu akina baba zamu yao haiko mbali, aliyemchukia mama mkwe wake kwa miaka. Moyo ulikuwa kinyume, na hakuthubutu kuugusa. Akafanya nini? Akaweka geuza. Ili nyumba iwe na amani akawaambia watoto, "Bibi yenu ni mkali, msimzoee. Salimieni mkatoke nje." Amani ikawepo kweli! Nyumba inapendeza, tena anaimba kwaya.

Siku moja Mungu akamgusa. Akasamehe, akasamehe kabisa, akalia hapa mbele tukamwona. Wiki iliyofuata akafunga safari na watoto kwenda kwa bibi, moyo mweupe. Bibi akanyoosha mikono. Watoto wakarudi nyuma, wakajificha kwenye khanga ya mama yao. Bibi akabaki na mikono hewani.

Yule mama akarudi nyumbani amevunjika. "Afadhali nilivyokuwa sijasamehe. Angalau tulikuwa na utulivu."

Mnaona? Anataka kurudisha kichwa!

Ndugu zangu, wangapi kati yetu tulitubu kwa kweli, mambo yakaharibika Jumatatu, tukasema huu wokovu haufanyi kazi? Unafanya kazi! Moyo umenyooka. Yanayokuumiza sasa ni yale uliyoyapinda zamani ili kuficha ubaya wake: uongo uliomwambia mkeo ukaufundisha na watoto, rafiki uliyemchafua ili wewe uonekane msafi. Wakati moyo ulikuwa kinyume, hayo yalikusitiri. Leo yanakusuta. Ukiyaona yanakusuta, usikate tamaa. Shukuru, maana yangekusutaje kama moyo usingekuwa umebadilika?

Mungu ameusahihisha moyo kwa neno moja, na hilo alilifanya peke yake. Lakini yale mengine uliyaandika wewe kwa mkono wako, na utakaa uyafute, moja moja, pamoja naye.

Kwa hiyo wewe mama, ninakuona, sikutaji. Usirudishe chuki yako. Leo baada ya chakula waite watoto, uwaambie hivi: "Bibi yenu si mkali. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira." Ni maneno machache, na yatakuchoma mdomoni. Yaseme. Kisha rudi nao kule kwa bibi, yule mdogo umtangulize, maana kuna mtu bado amenyoosha mikono.

Sasa fungueni Biblia zenu.