Lifti ya Wodi Mpya

Jumatatu, tarehe mosi Machi, saa nne kasorobo asubuhi, kitanda kilikwama mlangoni mwa lifti. Asubuhi hiyohiyo wakubwa wa hospitali walikuwa wameihamisha wodi ya wazazi kutoka chini hadi ghorofa ya tatu. Kuta zilinukia rangi, utepe ulikwisha katwa, na wageni wa heshima walikuwa bado wanakunywa soda zao.

Juu ya kitanda hicho alilala mke wa seremala, uchungu umemkaba, damu inamtoka. Mkunga alisukuma, seremala akavuta. Kitanda kiligoma kama punda aliyechoka. Kiliuzidi mlango kwa shubiri nzima.

"Ifungueni wodi ya chini!" seremala alifoka.

"Vifaa vyote viko juu, kaka yangu," mkunga alijibu, jasho likimchuruzika. "Tuliwaambia watuulize kwanza sisi tunaozalisha. Wakasema michoro ipo."

Mgonjwa akacheka kidogo, midomo imemkauka. "Mzee wa Futi, umepima milango ya mji mzima, huu ukakuponyoka?"

"Nyamaza, mwenzangu. Tunza pumzi."

Wakambeba kwa shuka, ngazi moja baada ya nyingine. Juu, mtoto alizaliwa akilia. Mama yake hakumsikia.

Miezi saba sasa seremala anamlea bintiye kwa chupa. Mpaka leo hulala amejibana ukutani, amemwachia mwenzake nafasi. Akiwa kazini, huliacha randa ghafla, akidhani ameitwa Mzee wa Futi. Hakuna mtu, ni mbao tu, na moyo wenye kiu isiyokatwa na maji.

Juzi aliitwa kikaoni hospitalini. Mganga mkuu akakohoa, akasema kwa sauti ya asali, "Mzee wangu, kila badiliko lina changamoto zake. Tumejifunza."

"Mmejifunza? Na karo nimelipa mimi!"

Chumba kizima kikainamia makaratasi. Seremala akampakata vizuri binti yake, akauliza:

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na nyinyi hamkukilalia, hilo nalijua. Lakini hata kukisukuma kikiwa kitupu mpaka pale kwenye lifti, siku moja tu kabla ya kukata utepe, ni nani kati yenu aliyejaribu?"